Maniema: namna Noeli na Idi zilivyoingia katika nyumba moja

KINDU. Asubuhi ya tarehe 25 Desemba, wakati kengele ya misa ya kwanza inalia, kuna mzee mmoja katika kartie yetu ambaye haendi kanisani lakini ana kazi nyingi siku hiyo kama padiri. Ana kofia nyeupe kichwani na kisu kilichofungwa katika kitambaa. Anaitwa nyumba moja baada ya nyingine, na nyumba zote hizo ni za wakristo. Anamgeuza kuku kuelekea Kibla, anasema bismillahi, anachinja, anapewa chai, anaondoka. Kwa jirani anangojewa na mbuzi.

Mgeni akiuliza sababu, jibu ni fupi. Katika nyumba hiyo ya mkristo kuna shemeji mwislamu, ao mama mkwe, ao mtoto wa dada, na yeye pia atakula. Nyama isipochinjwa na mwislamu, huyo atabaki na wali mtupu siku ya furaha. Basi kisu kinapewa mwislamu ili chungu kiwe cha wote.

Sisi wenyeji tumezoea, hatuoni tena kama ni jambo. Tunasema ni desturi ya wazee, basi. Lakini desturi hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya uchungu. Ninaiandika kwa sababu mwaka jana, kwa mara ya kwanza katika familia yetu, Noeli ilipikwa katika vyungu viwili.

Dini ya kwanza ilikuja na misafara

Uislamu uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani na Unguja. Walitafuta pembe za ndovu, na walikamata watu. Hatuwezi kuficha hilo. David Livingstone alifika Nyangwe, kwenye mto Lualaba, mwaka 1871, na mwezi wa Julai mwaka huo aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Tippu Tip, ambaye jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed, alifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Mwaka 1887 alikubali hata kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya dola ya Leopold wa Pili.

Watu wengi waliokamatwa hawakufika pwani. Walibaki hapa, wakafanya kazi kwenye mashamba, wakabeba mizigo, wakashika bunduki za mabwana wao. Walichukua dini ya mabwana, nguo zao ndefu na luga yao. Waliitwa Waungwana, na kutoka jina hilo luga yetu ikaitwa Kingwana. Mpunga tunaolima Maniema mpaka leo ulienea kwa mikono yao kandokando ya Nyangwe na Kasongo. Kwa hiyo sahani ya wali ambayo mkristo wa Kindu anaona kuwa lazima siku ya Noeli ni urithi wa waislamu, na urithi huo ulilipwa kwa jasho la watumwa.

Kisha ilikuja vita kati ya dola ya Leopold na mabwana hao, toka 1892 mpaka 1894. Nyangwe ilianguka mwezi wa Machi 1893, Kasongo mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Mabwana walikufa ao walikimbia. Waungwana walibaki, na dini yao ilibaki nao, sasa chini ya serikali iliyowatazama kama adui wa jana.

Dini ya pili ilikuja na shule

Mapadri Weupe walifungua misioni Kasongo mwaka 1903. Walikuta watu wanasema Kiswahili tayari, na hapo ndipo jambo la ajabu lilitokea. Ili kufundisha ukristo walitumia luga iliyoletwa na waislamu. Sala, sadaka, toba, dhambi, malaika, nabii, Injili, shetani: maneno hayo yote yana asili ya Kiarabu. Mkristo wa Maniema anayeimba usiku wa Noeli kuhusu malaika na amani anaimba kwa maneno ambayo jirani yake mwislamu anayatumia msikitini. Kabla familia hazijachanganyika, maneno yalikwisha kuchanganyika.

Watu walichanganyika zaidi kwa sababu ya shule. Tarehe 26 Mei 1906 dola ya Leopold ilipatana na Vatikani: misioni za kikatoliki zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule. Baadaye wakoloni wa Ubelgiji waliendelea na njia hiyo, na kwa miaka mingi pesa ya serikali kwa ajili ya shule ilienda kwa misioni za kikatoliki. Waprotestanti wenyewe walingoja mpaka mwaka 1948 kuipata. Kwa waislamu hakukuwa kitu. Chuo cha Kurani hakikuhesabiwa kuwa shule, na walimu wa tarika ya Kadiria walichunguzwa na wakubwa wa teritware kama watu wa fujo.

Baba wa familia mwislamu alikuwa na njia mbili. Mtoto abaki nyumbani na asijue kuandika barua, ao aende misioni. Na kuenda misioni, mara nyingi, mwisho wake ulikuwa ubatizo. Katika familia nyingi walifanya hesabu ya akili: mtoto mmoja ao wawili waende, wengine wabaki. Hivi ndivyo tumbo moja lilitoa karani mkatoliki na mwalimu wa Kurani. Mwaka 1954 waziri Auguste Buisseret alianzisha shule za serikali zisizo za dini kwa watoto wa Kongo, na mlango ukafunguka kidogo. Lakini wakati huo ndugu wa dini mbili walikuwa tayari wamekwisha kuoa na kuzaa.

Familia yetu imetoka hapo. Koko yangu, mama wa baba, alikuwa mwislamu mpaka kifo chake. Baba alipelekwa misioni, akarudi na jina la Yosefu, akawa katekista. Hawakuachana. Kila mwaka, mwana katekista alimpelekea mama yake kuku wa Noeli akiwa hai, miguu imefungwa, ili mama atafute mtu wa kumchinja. Hakuna padiri wala shehe aliyewafundisha hivyo. Koko alisema tu: "Mimi nilikuzaa, siwezi kukaa kando ya sahani yako."

Serikali ilipoifuta Noeli

Vijana wengi hawajui kwamba kulikuwa wakati ambapo Noeli haikuwa sikukuu katika inchi hii. Ni wakati wa Zaire. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, na Kardinali Malula, aliyepinga, alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Mwaka 1974 serikali iliondoa tarehe 25 Desemba katika hesabu ya siku za mapumziko, kwa kusema Zaire si inchi ya dini fulani. Mwisho wa mwaka huo huo shule za dini zikawa za serikali. Zilirudishwa kwa makanisa mwaka 1977.

Kwa waislamu wa Maniema miaka hiyo ilikuwa na sura mbili. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ilikuwa imetambua makanisa matatu tu: katoliki, protestanti na la Kimbangu. Uislamu uliongezwa mwaka 1972. Kwa mara ya kwanza dini ya koko ilikuwa na karatasi ya serikali, katika miaka ile ile ambapo dini ya baba ilikuwa inasukumwa.

Baba alitusimulia Noeli ya 1974. Ilianguka siku ya Kazi Tatu, siku ya kazi kama zingine. Yeye alienda kazini asubuhi kwa sababu aliogopa kuandikwa jina. Jioni alikuta koko amekwisha kupika wali, sombe na kuku, na ametandika mkeka. Alimwambia: "Sisi Idi yetu haikuwa na mapumziko hata siku moja tangu Mubeleji, na tunaisali. Wewe utashindwa Noeli moja?" Baba alikuwa anacheka sana alipofika hapo katika hadisi. Mimi nilipokuwa mkubwa ndipo nilielewa kwamba halikuwa neno la kuchekesha.

Kwa sababu ni kweli. Noeli ilirudi baadaye katika orodha ya sikukuu za taifa, na imo mpaka leo. Idi haimo. Siku ya Idi, mwanafunzi mwislamu anaomba ruhusa, karani mwislamu anaomba ruhusa, na mitihani ikipangwa siku hiyo inafanyika. Usawa ambao familia zetu zimejaribu kuuweka kwenye mkeka bado haujafika kwenye kalenda ya taifa.

Noeli ya 2000: tulikula magharibi

Kalenda ya kiislamu inafuata mwezi, na kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11. Ndiyo sababu Ramadhani inazunguka miezi yote, na baada ya miaka kama 33 inarudi pale ilipokuwa. Mwaka 2000 ilikutana na Noeli. Noeli ilikuwa siku ya Kazi Moja, tarehe 25 Desemba, na Idi ilingojewa siku mbili baadaye.

Nilikuwa na miaka 12. Ilikuwa wakati wa vita. Kindu ilikuwa mikononi mwa RCD tangu Oktoba 1998, treni hazikuja, na chumvi ilipimwa kwa kijiko kidogo. Baba alikuwa amepata kuku wawili, sijui kwa njia gani. Tulitoka misa na njaa ya watoto, tukijua kwamba mchana tutakula nyama. Tulipofika nyumbani tulikuta majivu ni baridi.

Koko, shangazi zangu wawili na watoto wao walikuwa wamefunga. Mama alisema wao wasihangaike, watapewa sehemu yao jioni. Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema: "Katika nyumba hii watu hawatakula mbele ya mama yangu akiwa na kiu. Noeli itangoja jua."

Sisi watoto wa upande wa kikristo tulikasirika. Nilimwambia yaya wangu kwamba Yesu amezaliwa kwetu na wao ndio wanakula saa wanayotaka. Baba alisikia, na sikusahau alivyonitazama.

Ili tusilie njaa, koko alituita chini ya mti na kutusimulia kuzaliwa kwa Isa, namna alivyojifunza katika sura ya Maryam. Maryam peke yake, na uchungu wa kuzaa, chini ya mtende, na tende zikimwangukia. Sisi tulijua hori, ngombe na wachungaji. Mtende hatukuujua, tulidhani ni mungazi wetu wa mawese, na ndugu yangu mdogo aliuliza kama mtoto Yesu hakuogopa ngazi zisimwangukie kichwani. Koko alicheka mpaka akashika mbavu. Baba aliongeza habari ya hori. Mama na mwana, kila mmoja na kipande chake, na mtoto aliyezaliwa alikuwa mmoja.

Adhana ya magharibi ilipolia, koko alikunywa maji kwanza. Kisha alisukuma sahani kubwa katikati ya mkeka, na baba akafanya ishara ya msalaba. Tulikuwa zaidi ya watu 15 kwa kuku wawili. Siku mbili baadaye, siku ya Idi, baba alienda kusimama nje ya uwanja wa sala ili awe wa kwanza kumsalimia mama yake.

Nyumba moja, tarehe nyingi

Ninajua kwamba habari yetu haihusu waislamu na wakatoliki tu. Leo familia moja Kindu inaweza kuwa na dini tano. Wakimbangu waliihamisha Noeli yao mwaka 1999: wanaisherehekea tarehe 25 Mei, siku ya kuzaliwa kwa Dialungana Kiangani, mwana wa Simon Kimbangu. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei Noeli kabisa. Watu wa makanisa ya uamsho wanakesha usiku wa Bonane kuliko usiku wa Noeli. Na wako wasio na dini yoyote, wanaokuja kwa ajili ya wali na kuona ndugu, na hao pia ni watu wetu.

Redioni tunaona mchanganyiko huo katika karatasi za salamu. Desemba 2015 Maulidi iliangukia mkesha wa Noeli. Watu walituletea karatasi zenye salamu mbili kwa pamoja, "Maulidi njema na Noeli njema," na majina ya familia moja yamepangwa, Hadija, Yosefu, Ramazani, Mariamu, Petro. Usiku ule zikri na nyimbo za kanisani zilisikika pamoja katika kartie, na hakuna mtu aliyekuja redioni kulalamika.

Vyungu viwili

Sasa nirudi kwa mwaka jana. Mtoto wa yaya wangu amejiunga na kanisa moja ambalo limemfundisha kwamba nyama iliyochinjwa kwa sala ya dini nyingine ni kama nyama ya sanamu. Upande mwingine, binamu yangu amerudi kutoka masomo ya dini mbali, na anasema mwislamu anayempa mkristo pole ya safari hana dhambi, lakini anayempa heri ya Noeli anayo. Wote wawili ni vijana wazuri. Wote wawili wanasoma vitabu kuliko koko, ambaye hakujua kuandika.

Mama hakutaka ugomvi. Alipika kuku mmoja aliyechinjwa na mzee wa kofia, na mwingine aliyechinjwa na kijana wa kanisa. Vyungu viwili, mafiga mawili, mikeka miwili. Hakuna aliyetukanwa. Watu walikula upesi na kuondoka mapema. Mama alikusanya sahani peke yake, na aliniambia kwamba tangu aolewe katika nyumba hiyo hajaona Noeli yenye nyama nyingi na maneno machache hivyo.

Mtu anaweza kusema ni jambo dogo la jikoni. Mimi sioni hivyo, kwa sababu ya yanayotokea kaskazini mwetu. Mwezi wa Mei 2021, mjini Beni, imamu aliyekuwa akisema wazi dhidi ya wauaji wa ADF alipigwa risasi ndani ya msikiti. Tarehe 25 Desemba ya mwaka ule ule, katika mji ule ule, mtu alijilipua kwa bomu mahali watu walipokuwa wakisherehekea Noeli. Waliokufa walikuwa watu waliotoka kula na kunywa na jamaa zao. Wauaji wanataka mkristo akiona kofia nyeupe aone adui. Hapa kwetu, mkristo akiona kofia nyeupe asubuhi ya Noeli anafungua mlango na kutoa kuku. Kitu kinachozuia chuki kuingia kwetu si sheria, kwa maana sheria haijatoa hata siku moja ya Idi. Ni mazoea haya madogo, na mazoea yakikatika mwaka mmoja, miwili, mitatu, watoto hawatajua kwamba yalikuwepo.

Nimewaeleza vijana wetu wawili jambo moja tu. Wazee wetu hawakuchanganya dini. Koko hakuonja pombe wala hakupiga ishara ya msalaba, na baba hakuingia katika safu ya sala ya Idi, alisimama nje. Kila mmoja alijua mpaka wake. Lakini walijua pia nani anaweza kuvumilia nini. Mkristo hapotezi imani yake kwa kumkabidhi mwislamu kisu, wakati mwislamu hawezi kula bila hivyo. Basi anayeweza ndiye anasogea. Mwaka 2000 waliofunga hawakuweza kula mchana, na sisi tuliweza kungoja. Tukangoja.

Binamu alinisikiliza, hakujibu. Mtoto wa yaya alisema ataomba juu ya jambo hilo.

Wana muda wa kufikiri, ila si mwingi. Kalenda ya mwezi inaendelea kuzunguka. Kwa hesabu ya wanaojua, Noeli ya mwaka 2031 na ya 2032 zitaangukia tena ndani ya Ramadhani, na mwaka 2033 Idi itakuwa karibu sana na tarehe 25 Desemba. Watoto wangu watakuwa na umri kama niliokuwa nao mimi, wenye njaa, wametoka misa, na watakuta majivu baridi ao hawatayakuta.

Kwa wote wanaotusoma, wa kengele na wa adhana, na wasio na vyote viwili: Noeli njema, na Bonane.